Mtoto Mzima ni Yupi?

Karatasi ya majibu ya maabara husomwa na wazazi kama risiti ya duka: jicho linakimbilia pembeni, kuangalia kama kuna kitu kimezidi au kimepungua. Kushoto pana jina la kipimo, linafuata jibu la mtoto, kisha namba mbili zenye kistari katikati. Hizo mbili ndizo kiwango cha kawaida. Jibu la mtoto likiangukia nje yake, mashine inaongeza herufi: H ikiwa limepita juu, L ikiwa limebaki chini. Hapa Migori utawaona akina mama wametoka dirisha la maabara, wamesimama kwenye kivuli cha ukuta, wanahesabu hizo herufi kabla hawajarudi kwenye foleni ya daktari.

"Sista, hii L ni ya nini?"

"Ni ya chini, mama. Damu iko chini kidogo."

Lile neno "kidogo" halifiki nyumbani. Linaanguka njiani, mahali fulani kati ya stendi na barabara ya vumbi ya kwenda Nyatike, na jioni dani wa mtoto akiuliza anajibiwa kwamba nyathi onge gi remo, mtoto hana damu. Kesho yake inatafutwa bitruti, inanunuliwa chupa ya dawa ya chuma, na mtoto aliyekuwa anacheza vizuri anaanza kukatazwa kukimbia.

Ni nani aliyeweka hizo namba mbili? Aliwapima watoto wa nani? Na mtoto wa Karungu au wa Mbita akitoka nje ya mstari wa watoto hao, amekosa nini hasa: amekosa afya, au amekosa kufanana nao?

Kiwango cha kawaida hakikuteremshwa kutoka mbinguni. Kinatengenezwa na watu, kwa njia ambayo fundi yeyote angeielewa. Wanatafutwa watu wanaoonekana wazima, angalau 120 kwa kila kundi la umri. Wanatolewa damu. Majibu yao yanapangwa kutoka dogo hadi kubwa, halafu inakatwa asilimia 2.5 ya chini na asilimia 2.5 ya juu. Waliobaki katikati, 95 kati ya 100, ndio kawaida. Angalia kilichotendeka hapo: watu wote walikuwa wazima, ndivyo walivyochaguliwa, lakini watano kati ya kila mia wametupwa nje kwa sababu tu mkasi ulipita hapo. Ukimpima mtoto mzima kabisa vipimo 20 visivyotegemeana, uwezekano wa kupata angalau herufi moja ni kama 64 kati ya 100. Karatasi ndefu isiyo na herufi hata moja ndiyo ya kushangaza.

Halafu kuna mtego wa lugha yetu wenyewe. Mzima ni asiye mgonjwa, mzima ni kisichovunjika, na mtu mzima ni yule aliyekwisha kukua. Karatasi nyingi nilizowahi kuziona zimeufuata mtego huo bila kujua: zinachapisha kiwango cha mtu mzima, na mtoto anapimwa kwacho, kana kwamba uzima ni jambo la kungoja miaka 18.

Mtoto huzaliwa na damu nzito. Himoglobini yake, ile manesi huita HB, inaweza kuwa 14 hadi 20, kwa kuwa tumboni oksijeni ilikuwa ya kugawiwa. Akishavuta pumzi yake mwenyewe mwili unaona hauna haja na wingi huo. Uboho unapumzika, na kufikia wiki ya nane hadi ya kumi na mbili HB imeshuka hadi karibu 10, hata 9 na ushee, kwa mtoto anayenyonya na kunenepa. L itaandikwa hapo, na hapo haina maana yoyote. Kimeng'enya kimoja ambacho kwa mtu mzima kikipanda kinaleta wasiwasi wa ini, kwa mtoto kiko juu mara mbili au tatu kwa sababu mifupa inakua. H nyingine ya bure.

Kinyume chake kinatisha zaidi, kwa sababu hakina herufi. Kreatinini ni taka ya misuli ambayo figo huitoa. Mwanamume mzima akiwa na maikromoli 80 kwa lita, hakuna neno. Mtoto wa mwaka mmoja hana misuli ya kutengeneza taka ya kiasi hicho. Kwake 80 ni figo zinazoomba msaada, na karatasi yenye kiwango cha watu wazima itanyamaza kimya. Katika kaunti za Homa Bay na Migori, ambako Ukimwi umekaa kuliko sehemu nyingi za Kenya, somo hili si la vitabuni: CD4 ya 700 ilikuwa habari njema kwa mama na habari mbaya sana kwa mtoto wake wa miezi minane, ambaye chini ya 1,500 alihesabiwa yuko hatarini. Hata jibu la ndiyo au hapana lina umri wake. Kingamwili za mama hukaa kwenye damu ya mtoto hadi miezi 18, kwa hiyo kile kipimo cha kidole kinachomwambia mama ukweli kinaweza kumsingizia mtoto.

Haya, tuseme umri umezingatiwa. Bado: watoto wa wapi?

Mwaka 1968 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliandika kwamba mtoto wa miezi sita hadi miaka sita akiwa na HB chini ya 11 ana upungufu wa damu. Takwimu walizokuwa nazo zilikuwa chache, na nyingi zilitoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Namba hiyo ilidumu zaidi ya miaka hamsini, ikajaza mabango, ripoti na bajeti. Mwaka 2024 shirika hilohilo lilipanga upya: kwa watoto wa miezi 6 hadi 23, mpaka sasa ni 10.5. Mtoto wa Rongo wa miezi 14 mwenye 10.7 alilala mgonjwa akaamka mzima, na hajala hata kijiko kimoja cha omena zaidi ya jana. Sisemi hivi kwa kejeli. Mpaka mpya umetokana na kazi ya uangalifu zaidi, kwa kutafuta watoto ambao damu yao ilionyesha hawakupungukiwa na madini ya chuma wala hawakuwa na maambukizi ya kimyakimya. Lakini mama wa mtoto huyo ana haki ya kuuliza ni nini kilichobadilika, na ajibiwe wazi kwamba mwanawe ni yuleyule.

Mfano ulio wazi kuliko wote ni wa nutrofili, chembe nyeupe zinazotangulia mbele bakteria wanapoingia mwilini. Vitabu vya Ulaya na Marekani vinasema zikishuka chini ya 1,500 katika maikrolita moja ya damu, mtu ana upungufu. Watu wengi wa Afrika kusini mwa Sahara wanaishi karibu na mpaka huo au chini yake, na hawaugui kuliko wengine. Sababu inajulikana: chembe zetu nyekundu hazina alama iitwayo Duffy. Mwaka 1976 Louis Miller na wenzake walionyesha kwamba kukosa alama hiyo kunaifungia mlango aina moja ya malaria, ile ya vivax. Mwaka 2009 ikaonyeshwa kwamba kukosa hukohuko ndiko kunakoshusha hesabu ya nutrofili. Mababu walipata ngao, na mashine ikaiita kasoro. Kwa mtoto hili si la mjadala tu. Daktari akiiona hiyo L anaweza kupunguza dozi ya dawa ambayo mtoto anaihitaji, au kuisimamisha, au mtoto akakataliwa kwenye majaribio ya chanjo kabla hayajaanza, eti si mzima.

Ndiyo maana kazi za waliokwenda kupima hukuhuku zina uzito. Kericho walichapisha viwango vya watu wazima mwaka 2008. Watoto wa Kilimanjaro walipimwa, majibu yakatoka 2010. Vijana wa Siaya, 2011. Na mwaka 2017 Kilifi ikatoa viwango vya watoto wa wiki 4 hadi miezi 17, umri ambao watafiti wengi huuruka.

Huurukwa kwa sababu nzuri. Mtoto mchanga wa kilo tatu ana damu kama mililita 240 mwilini mwake mwote. Haijazi chupa ya soda. Ili upate kiwango cha kawaida cha watoto wa miezi miwili, lazima uwaendee watoto zaidi ya mia wasio na shida yoyote, uwachome sindano, uwalize, na hakuna hata mmoja wao atakayefaidika na sindano hiyo. Mgonjwa anachomwa kwa ajili yake mwenyewe. Huyu anachomwa kwa ajili ya mtoto mwingine, pengine ambaye bado hajazaliwa, na hawezi kukubali wala kukataa. Anayetia sahihi ni mama. Je, mtu anaweza kutoa zawadi ya damu isiyo yake?

Watu wetu wamelijibu swali hilo zamani, kwa njia yao. Pwani wanasema mumiani. Magharibi mwa Kenya wanasema kachinja, wale wanaotembea wakitafuta damu za watu wakauze. Mwanaanthropolojia Wenzel Geissler aliandika mwaka 2005 jinsi jina hilo lilivyowafuata watafiti wa tiba waliokuwa wakifanya kazi katika kijiji kimoja huku magharibi. Ni rahisi kucheka. Mimi naona ukiyatoa yale ya usiku na magari, kinachobaki ni swali la haki tupu: damu ya mwanangu inaenda wapi, na inarudi ikiwa nini? Ikirudi ikiwa namba sahihi kwenye karatasi ya mtoto wa jirani, naona deni limelipwa, na mama aliyekubali amefanya jambo kubwa kuliko wengi wanaojengewa sanamu. Ikiishia kwenye jarida ambalo maabara ya jirani hailisomi, huku mashine ikiendelea kuchapisha kiwango ilichotoka nacho kiwandani, basi waliosema kachinja wana hoja.

Hadi hapa msomaji anaweza kudhani ninadai kila kaunti iwe na kawaida yake. Sivyo, na hapa ndipo mambo yanakuwa magumu.

Wahenga walisema kawaida ni kama sheria. Neno lenyewe lilitujia kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni msingi, kanuni. Kwetu limebeba mizigo miwili: jambo linalotokea mara kwa mara, na jambo linalopaswa kuwa. Watu wanaruka kutoka mzigo mmoja hadi mwingine bila kugusa chini. Malaria ni kawaida. Watoto wa huku ni wafupi tu, ni kawaida. Mtoto kuwa na tumbo kubwa ni kawaida, ata-outgrow — wanasema hivyo kwa Kiingereza cha haraka, atalikulia. Tuseme kesho tunakusanya watoto 120 wa kando ya ziwa wanaoonekana wazima. Baadhi yao wana vimelea vya malaria kwenye damu bila homa. Wengine wana minyoo ya safura. Wengine hula ugali na mboga siku sita kwa wiki. Tukate pande mbili za mstari, tupate kiwango cha kawaida cha Homa Bay. HB itakuwa chini, L zitapungua kwenye karatasi, ripoti ya kaunti itapendeza, na njaa itakuwa imepewa cheti cha afya chenye mhuri.

Waliotengeneza viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani, vilivyotoka 2006, walilikwepa shimo hili kwa makusudi. Chati za 1977 kwa upande wa wachanga zilitegemea watoto wa Ohio, Marekani, ambao wengi walinyweshwa maziwa ya chupa. Safari hii walikwenda miji sita: Pelotas ya Brazili, Accra ya Ghana, Delhi ya India, Oslo ya Norwe, Muscat ya Omani na Davis ya Marekani. Hawakumchukua mtoto yeyote tu. Walichukua wanaonyonya, ambao mama zao hawavuti sigara, wenye nyumba ambazo uchumi wake haumzuii mtoto kukua. Kisha wakaona kwamba mtoto wa Accra na wa Oslo wanarefuka karibu sawa katika miaka ile ya kwanza. Kwa hiyo ule mstari ambao nesi wa Oyugis au wa Kehancha anautumia kuweka nukta ya uzito hausemi jinsi watoto wanavyokua. Unasema jinsi wanavyopaswa kukua wakipewa nafasi. Ile sentensi ya "watoto wa huku ni wafupi tu" haina pa kusimama.

Basi nutrofili zinataka kiwango cha nyumbani, urefu unakikataa. Utajuaje kipi ni kipi? Mimi hujiuliza hivi: ukimwondolea mtoto huyu malaria, minyoo na njaa, namba yake itahama? Ikihama, haikuwa yake, ilikuwa ya mazingira yake, na hatuna ruhusa ya kuiita kawaida hata kama wote wanayo. Isipohama, na mtoto anacheza, basi kinachotakiwa kutibiwa ni karatasi.

Wengi kuwa na kitu hakuthibitishi chochote. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wastani wa risasi kwenye damu ya watoto wadogo wa Marekani ulikuwa karibu maikrogramu 15 kwa desilita, kwa sababu ya petroli na rangi za nyumba, na mpaka wa hatari wakati huo uliwekwa 30. Leo, tangu 2021, mpaka huo ni 3.5. Taifa zima lilikuwa ndani ya kiwango na taifa zima lilikuwa linakula sumu. Ukiwapima watoto wanaochezea kando ya mashimo ya dhahabu ya Macalder, ambako zebaki hutumiwa kunasa dhahabu, na ukawapima hao peke yao, zebaki nayo itajipatia kistari chake cha kawaida.

Tarehe 13 Septemba 2019 chanjo ya malaria ilizinduliwa nchini, na ilizinduliwa hapahapa Homa Bay. Watu waliiandika kama habari ya sayansi. Mimi niliisoma kama ugomvi na lile neno: huwezi kumchanja mtoto dhidi ya kitu ulichokwisha kukubali kwamba ni kawaida yake.

Lakini kuna mtoto ambaye kanuni yangu inamshindwa.

Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya na kusoma Oxford, alizunguka nchi hii akikusanya damu. Pwani na kando ya Ziwa Victoria alikuta zaidi ya watu 20 kati ya 100 wamebeba jeni moja ya selimundu. Katika nyanda za juu, hawakufika hata mmoja kati ya 100. Mwaka 1954 alichapisha sababu: mwenye jeni moja anakingwa dhidi ya malaria kali. Huku kwetu basi kubeba jeni hiyo ni jambo la watu wengi, na limewaokoa wengi. Bili inalipwa kwingine. Wazazi wawili wanaoibeba wakikutana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumpa mtoto jeni zote mbili, na huyo ndiye mgonjwa.

Anazaliwa na karatasi safi. Himoglobini ya tumboni inamlinda miezi ya mwanzo, hesabu zote zinakaa ndani ya kistari, anaitwa mzima, na ni kile kipimo maalumu cha aina ya himoglobini tu ambacho kingesema vingine. Wengi hufa kabla hawajakipata. Anayepita hapo, HB yake inatulia mahali fulani kati ya 6 na 9. Hapo ndipo makao yake. Anakwenda shule na 7. Anacheza kati na 7, anatumwa dukani na 7, anagombana na ndugu zake na 7.

Mama wa mtoto kama huyo anaijua namba moja kuliko namba ya simu yake. "Yake ni saba, daktari," anamwambia kila mgeni aliyehamishiwa hapo juzi. Mgeni anatazama 7.1 yenye L, anawaza kumwongezea damu, na nia yake ni njema. Lakini damu ya selimundu ikijazwa ili ifike 11 ya watoto wengine inakuwa nzito, inapita kwa taabu kwenye mishipa midogo, na kiharusi ni mojawapo ya mambo yanayoweza kufuata. Kumvuta mtoto huyu aingie ndani ya kiwango cha kawaida ni kumwumiza kwa jina la kawaida. Hata kwa watoto wenye upungufu mkubwa wa damu kwa jumla, namba peke yake si amri. Utafiti uitwao TRACT, uliofanywa Uganda na Malawi na kuchapishwa 2019, ulikuta kwamba waliokuwa na HB kati ya 4 na 6 bila dalili za hatari hawakufa zaidi walipongojewa, mradi waangaliwe kwa karibu na kuongezwa damu hali ikibadilika. Mahali ambapo chupa ya damu inatafutwa kwa jamaa na majirani, hilo si jambo dogo.

Ukiuliza kwa kanuni yangu, saba yake haihami. Mpe chandarua, mpe mayai, mpe dawa ya minyoo, itabaki huko. Kwa hiyo ni yake. Na bado hakuna mtu, mama yake wa kwanza, atakayesema ni mzima.

Georges Canguilhem, Mfaransa aliyekuwa daktari na mwanafalsafa, aliwasilisha mwaka 1943 tasnifu ambayo inanisaidia hapa. Alishikilia kwamba afya haipimwi kwa ukaribu na wastani. Inapimwa kwa nafasi aliyonayo mtu ya kuhimili mazingira yanapogeuka. Mtoto wa saba ana maisha, ana hata utaratibu wake mwilini, lakini ana nafasi finyu. Usiku wa baridi, siku ya kutembea juani bila maji, mbu mmoja: kila kimoja kinachompita mwenzake bila alama kinaweza kumlaza yeye. Ugonjwa wake uko kwenye ufinyu huo. Saba ni mahali anaposimama tu.

Na "yake ni saba" nayo ina meno. Bandama ya mtoto wa selimundu inaweza kumeza damu ghafla, 7 ya asubuhi ikawa 4 jioni. Aliyezoea kuona L hashtuki kuona L nyingine. Mashine inaandika herufi ileile kwa 7 na kwa 4, kwa siku ya kawaida na kwa siku ya kufa. Akina mama waliofundishwa kupapasa ubavu wa kushoto na kusikia bandama imekua wanajua jambo ambalo ile herufi haiwezi kulisema. Ndiyo maana nakasirika ninaposikia mama anaambiwa, "Mama, wewe si daktari." Ni kweli si daktari. Ila yeye ndiye aliyeshika kumbukumbu za kipimo ambacho wengine wanakiona leo kwa mara ya kwanza. Kumnyamazisha ni kutupa nusu ya majibu. Na kumwachia yeye mzigo wote, eti anamjua mtoto wake kwa hiyo akiona shida atarudi, ni kumtupa pamoja na mtoto. Mara nyingi nimeona yote mawili yakitendwa na mtu mmoja, asubuhi na mchana, kutegemea foleni ina urefu gani.

Mtoto anastahili kulinganishwa mara mbili: na watoto wanaofanana naye kwa umri na damu, waliokua bila njaa, na kisha na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita. Ulinganisho wa kwanza unadai fedha, sindano na watoto wa watu wengine. Wa pili unadai kalamu. Tunaulilia wa kwanza kwenye mikutano, na wa pili tunauacha ufanyike kwa bahati.

Kuna kijitabu cha kliniki nilichokishika, jalada limebanwa kwa selotepu. Kwa ndani, mahali pasipo na mistari yoyote, mtu ameandika kwa bikoni ya buluu tarehe na HB, tarehe na HB, karibu miaka mitatu: 7.2, 6.9, 7.4, 5.1, 7.0. Pembeni ya 5.1 ameongeza neno moja, malaria. Mhudumu aliyekuwa zamu siku hiyo alifungua hapo kwanza, akasoma kwa kidole kutoka juu hadi chini, ndipo akaomba aione karatasi ya mashine.